Mwinjilisti mwenye alitengeneza filme ya donge: Irvin Yeaworth na ujanja wa kamera

Hapa Bukavu, ukisema mwinjilisti, watu wanaona mtu mwenye Biblia kwapani, mikrofone mkononi na bafle mbili karibu na soko ya Kadutu ao pale Nyawera, anahubiri mpaka sauti inakauka. Hakuna mwenye anafikiri mtu wa kutengeneza filme ya kutisha. Lakini mwaka 1958, huko Marekani, The Blob, moja kati ya filme za kutisha zenye zinajulikana zaidi duniani, ilitoka kwenye mikono ya mwinjilisti. Aliitwa Irvin Yeaworth. Rafiki zake walimuita Shorty, yaani Mfupi.

Maisha yake inafaa kujulikana huku kwetu, juu picha yenye kutembea imeingia sasa katika kila telefone, na mara nyingi inakuja pamoja na jina la Mungu: mtu anafufuka, mchawi anageuka nyoka, moto unashuka toka mbinguni juu ya kanisa. Mtu anaonyesha jirani, jirani anaamini, inapita kwa mwingine. Wachache wanajua vile picha za namna hiyo zinafanywa. Yeaworth na wenzake walijua, na walizifanya kwa mikono, kabla kompyuta haijaingia katika kazi hiyo.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1926. Wazazi wake walikuwa Wamarekani, na baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri. Akiwa na miaka 10 tayari alikuwa anaimba katika redio KDKA ya mji wa Pittsburgh, redio yenye ilianza kutangaza mwaka 1920 na inahesabiwa kati ya zile za kwanza kabisa za Marekani. Wale wenye wanatumika katika redio wataelewa: mtoto akisha kuonja mikrofone, kumtoa humo ni kazi. Alipokuwa mkubwa aliingia katika vipindi vya injili, kiisha katika filme za injili.

Mwaka 1952 kampuni ya filme za kidini yenye ilitumika naye, Good News Productions, yaani Habari Njema, ilinunua majengo ya kijiji cha zamani katika jimbo la Pennsylvania, mahali panaitwa Yellow Springs. Zamani watu walikuwa wanaenda kuoga maji ya dawa pale. Wakati wa vita ya uhuru wa Marekani palikuwa hospitali ya askari wa George Washington, na nyuma yake pakawa shule ya wachoraji. Sasa pakawa studio. Walitengeneza filme fupi za makanisa, za mashule, za kufundisha vijana. Kazi ya adabu, yenye haikujulikana sana nje ya makanisa.

Halafu akaja mtu wa biashara, Jack Harris, mwenye kugawanya filme katika masinema ya mji wa Philadelphia. Yeye alikuwa anaona kitu moja kila wiki: vijana wanajaza sinema kuangalia filme za majini na za watu wa sayari zingine. Alitaka filme yake mwenyewe ya namna hiyo, na alitaka watu wenye wanajua kamera lakini hawaombi bei ya Hollywood. Watu hao aliwapata Yellow Springs, kati ya watu wa injili. Hata mmoja wa wale wawili wenye waliandika maneno ya filme, Theodore Simonson, alikuwa mtu wa kanisa. Kwa kazi hii ya biashara walitumia jina lingine, Valley Forge Films.

Hadithi yenyewe ni rahisi, hata mtoto anaweza kuisimulia. Jiwe linaanguka toka angani karibu na mji mdogo. Ndani yake kuna kitu laini, bila macho, bila mdomo, bila sauti. Mzee mmoja anakigusa na kijiti, kinamshika mkono. Kila mtu mwenye kinamkamata kinamla, na kila kikila kinakuwa kikubwa na chekundu zaidi. Vijana wawili wamekiona, wanakimbia kwa polisi, polisi hawaamini. Wazazi pia wanafikiri ni mchezo wa watoto. Mpaka donge linaingia ndani ya sinema yenye kujaa watu, na hapo hakuna tena wa kubishana. Mwishoni wanagundua kwamba halipendi baridi. Wanalimwagia hewa ya baridi ya vizimamoto, ndege ya jeshi inalibeba mpaka kwenye barafu ya kaskazini, na juu ya maneno ya mwisho wa filme inatokea alama ya kuuliza.

Mwigizaji mkubwa alikuwa kijana mwenye watu walikuwa bado hawamjui vizuri, Steve McQueen. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kushika nafasi ya kwanza katika filme. Inasemekana alilipwa dola kama 3,000, pesa yenye alijuta nyuma yake, juu kampuni ya Paramount ilinunua filme ile dola 300,000 na ikaingiza mamilioni. McQueen akawa nyota ya dunia nzima. Yeaworth akarudi kwa kazi yake.

Sasa tuje kwa donge lenyewe, juu hapo ndipo kuna masomo. Mwenye alishughulika na ujanja wa picha aliitwa Bart Sloane, Yeaworth akiwa mwenye kuongoza kazi nzima. Donge lilikuwa silikoni, kitu cha kiwandani chenye kuvutika kama bugali yenye haijaiva vizuri. Wakachanganya na rangi nyekundu. Kila mahali ambapo donge linatakiwa kuonekana limekula watu wengi, waliongeza rangi. Hiyo tu.

Lakini bugali haitembei. Namna gani walifanya ipande mlango, ipite chini ya mlango, ifuate watu? Walitengeneza chumba kidogo sana, kama nyumba ya kuchezea ya watoto, na meza na viti vyake. Wakafunga kamera kwenye kile chumba, vyote viwili juu ya ubao moja. Kiisha wakainamisha ubao. Silikoni ikateremka polepole kwa uzito wake, sawa vile mafuta ya mawese inateremka katika sahani yenye imeinama. Juu kamera nayo imeinama pamoja na chumba, mwenye kuangalia haoni kitu kimeinama. Anaona donge linatembea lenyewe kwenye sakafu iliyo sawa. Wakati mwingine walirudisha picha nyuma, na kitu chenye kilikuwa kinashuka kikaonekana kinapanda.

Kuna mahali ambapo donge linafunika restora nzima na watu ndani yake. Restora ilikuwako kweli, katika mji wa Downingtown. Hakuna mwenye aliimwagia kitu. Walipiga foto yake, wakatumia ile foto na silikoni kidogo. Mtu akikaa ndani ya sinema yenye giza, muziki unapiga, hana wakati wa kufikiri kama ile ni nyumba ao ni karatasi. Macho yanaona chenye yamezoea kuona.

Mwaka uliofuata, 1959, Yeaworth na Harris wakatoa filme ingine, 4D Man, juu ya mtu wa sayansi mwenye anapata uwezo wa kupita ndani ya ukuta. Anaingia katika benki bila kufungua mlango, lakini kila akitumia uwezo huo anazeeka, na akigusa mtu anamnyonya maisha. Mtu wa Kivu akisikia hivyo anajua mara moja angeitwa nani katika kartie. Kumpitisha mtu katika ukuta ni ujanja wa zamani: unapiga picha ya ukuta, unapiga picha ya mtu, kiisha unaziunganisha moja juu ya ingine, na unaficha kipande cha mtu chenye kisionekane. Mwaka 1960 ikaja Dinosaurus!, filme ya wanyama wakubwa wa zamani wenye wanaamka katika kisiwa. Wanyama walikuwa sanamu ndogo. Unapiga foto moja, unasogeza mguu wa sanamu kidogo sana, unapiga ingine. Foto 24 zinafanya sekunde moja. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya uchawi.

Nyuma ya hizo tatu, aliacha mambo ya majini. Inahesabiwa kwamba katika maisha yake alitengeneza filme zaidi ya 400, nyingi za kidini na za mafundisho, zenye watu wengi hawatajua hata majina yake. Moja inafaa kutajwa: Way Out, ya mwaka 1967, juu ya vijana wa New York wenye kutumwa na madawa ya kulevya. Waliocheza humo ni watu wenye walikuwa wametumia madawa kweli, wakaacha kwa njia ya imani. Huko hakukuhitajika silikoni.

Wengine wanaweza kuuliza kama ilikuwa haki mtu wa injili kutengeneza filme ya jini kwa kutafuta pesa. Ni swali la wapasta wajibu. Jambo moja liko wazi: Yeaworth alimwambia mwenye kununua tiketi kwamba anaingia kuangalia hadithi ya kutunga. Donge halikuletwa kanisani kama ushahidi.

Kuna upande mwingine wa hii habari, na watu wa Bukavu wanausikia vizuri zaidi, juu karibu kila mtu hapa ameona filme ya Yesu. Ni ile yenye inaonyeshwa usiku kwenye shuka nyeupe, jenereta inanguruma nyuma, watoto wamekaa chini mbele. Ilitoka mwaka 1979, ilipigwa Israeli, na leo imetafsiriwa katika luga zaidi ya 2,000, Kiswahili ndani. Yesu ni mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon. Filme iliongozwa na watu wawili, John Krish na Peter Sykes. Huyu Sykes, miaka mitatu tu mbele yake, alikuwa ameongoza filme ya kutisha juu ya watu wenye kuabudu shetani, To the Devil a Daughter. Kwa hiyo mwinjilisti alitengeneza jini, na mtu wa filme za shetani akaongoza filme ya Yesu. Kamera haina dini. Inapiga chenye kimewekwa mbele yake.

Kuonyesha filme kwa kuhubiri si jambo jipya kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, baraza la kimataifa la wamisionari lilifanya jaribio kule Vugiri, Tanganyika, na kutengeneza filme kama 35 za kuonyesha Waafrika katika Afrika ya Mashariki. Hapa Bukavu, wakati wa Wabelgiji, Wapadri Weupe walikuwa na nyumba yao ya filme, Africa Films, na padri De Vloo. Padri Van den Heuvel naye alitengeneza filme za kuchorwa za swala mdogo, Mboloko, akamfanya atembee na kuongea kwenye shuka, mashindano yake na wanyama wengine sawa vile katika hadithi za bibi.

Na katika wakati huo huo kulikuwa maofisa wa koloni, Wabelgiji na Waingereza, wenye waliandika kwamba Mwafrika hawezi kuelewa ujanja wa kamera. Walishauri filme zake ziwe za polepole, bila kuruka mahali, bila kitu kutokea na kupotea. Walisema kwamba akionyeshwa mbu mkubwa kwenye shuka atafikiri ni mnyama mwingine. Ilikuwa dharau. Babu zetu wenye walicheka Mboloko akiongea walijua vizuri kwamba swala haongei. Hadithi zetu zote zimejaa sungura wenye akili na fisi wenye tamaa, na hakuna mtu mwenye aliwahi kumpeleka fisi mbele ya hakimu.

Shida ya leo ni ya namna ingine. Inatoka kwa mtu mwenye kuonyesha ujanja na kunyamaza kwamba ni ujanja.

Tangu miaka ya 1990, filme za Nigeria ziliingia Kongo kwa kaseti, kiisha kwa CD, leo kwa telefone. Kati yake kuna zile za kikundi Mount Zion, chenye kilianzishwa na mwinjilisti Mike Bamiloye tarehe 5 Agosti 1985. Filme yake Agbara Nla, yenye maana ya nguvu kubwa, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ilifanya watu wengi wa Afrika ya Magaribi wakose usingizi. Ndani ya filme za aina hiyo mganga anapotea mbele ya macho, moto unatoka mkononi, mtumishi wa Mungu anasema neno na adui anaanguka. Kinshasa nayo ikawa na michezo yake ya televisheni ya kanisa. Kikundi Cinarc kilijulikana sana, na wachezaji wake walikuwa wanasali na kufunga kabla ya kucheza nafasi ya mchawi, wakiogopa kwamba kile wanachoiga kinaweza kuwafuata nyumbani.

Ule ujanja wa mtu kupotea ni wa zamani kuliko wote, na mtoto wa shule anaweza kuufanya mchana huu. Weka telefone mahali pasipotikisika. Piga video ya rafiki amesimama. Simamisha. Rafiki atoke. Endelea kupiga. Ukiangalia, rafiki amepotea katika hewa. Mfaransa Georges Méliès alisimulia kwamba aliugundua kwa bahati, Paris, kamera yake ilipokwama kidogo barabarani. Alipoangalia picha, basi lilikuwa limegeuka gari ya kubeba maiti. Yeye alikuwa mtu wa mazingaombwe. Akacheka, akatengeneza mamia ya filme.

Leo mambo imekuwa rahisi zaidi. Mtu anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, programu inaondoa kijani yote na kuweka mawingu ya mbinguni. Programu zingine zinaongeza moto na radi kwa kugusa mara mbili. Na sasa kuna zile zenye zinatunga sura na sauti ya mtu mwenye hakusema neno. Silikoni haihitajiki tena.

Hata bila programu, video inaweza kudanganya kwa mambo yenye haionyeshi. Februari 2019, kule Johannesburg, video ya mtu akiamka ndani ya sanduku la maiti mbele ya mchungaji ilizunguka dunia nzima. Hakuna ujanja wa kamera pale: sanduku lilikuwa la kweli na mtu alikuwa wa kweli. Chenye hakikuwa cha kweli ni kifo. Makampuni ya mazishi yenye jina lao lilitumiwa yalijitokeza na kusema yalidanganywa.

Katika Kivu ya Kusini, mambo ya namna hii haiishii kwa kucheka. Mwaka 2021, Kalehe na katika teritware zingine, wanawake wenye kujiita manabii, wenye wanaitwa bajakazi, walikuwa wanataja watu kuwa wachawi. Wanawake kadhaa waliuawa na kundi la watu, wengine wakachomwa moto. Hakuna filme yenye ilishika kiberiti, na haitakuwa haki kubebesha sinema lawama hiyo. Uchawi ulikuwa unaongelewa huku kabla ya kamera ya kwanza. Lakini mtu mwenye ameangalia kwa miaka mingi bibi mzee akigeuka paka kwenye televisheni, na hakuna mwenye alimwambia vile paka aliingizwa, anajikuta tayari na picha ndani ya kichwa siku jina la bibi wa jirani linatajwa. Picha hiyo inamsaidia nabii wa uongo, bila yeye kuilipia.

Kwa hiyo mwenye kupokea video ana haki ya kuuliza maswali ya kawaida. Kamera inatikisika, lakini je, moto unatikisika pamoja nayo ao umekaa mahali pake? Kivuli cha mtu kinaenda upande moja na vivuli vingine? Kwa nini picha inakatika sekunde ileile ambapo muujiza unatokea? Nani aliipiga, wapi, na kuna mtu wa mahali pale mwenye alikuwako? Kuuliza hivyo si kumkosea Mungu heshima. Hata wapasta wengi wa hapa wanafurahi kuulizwa, juu wanaumia wakiona jina la kanisa linauzwa na watu wa video.

Irvin Yeaworth alikufa mwezi wa Julai 2004, katika ajali ya gari huko Yordani. Alikuwa na miaka 78 na bado alikuwa kazini. Miaka mingi alikuwa amepeleka vikundi vya watu kutembelea nchi za Biblia, na wakati ule alikuwa na mradi katika mji wa Aqaba, kwenye Bahari ya Shamu.

Sinema yenye donge lake liliingia iko mpaka leo, katika mji wa Phoenixville, Pennsylvania. Inaitwa Colonial. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wanajaa ndani, kiisha wanatoka wote mbio wakipiga kelele, sawa vile katika filme, na wanacheka mpaka wanashika tumbo. Donge lenyewe limehifadhiwa ndani ya ndoo. Halijakauka.